Nasaba ya Matini: Kupima Uaminifu wa Tovuti katika Utafiti wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Wanafunzi wengi wa Kiswahili vyuoni hufungua tovuti kabla ya kuifikia rafu ya maktaba. Makala haya yanaeleza namna mtafiti anavyoweza kupambanua tovuti inayostahili kutajwa katika tasnifu na ile isiyostahili. Hoja kuu ni kwamba sura ya tovuti, anwani yake na wingi wa kurasa zinazokubaliana nayo si vithibitisho vya kutosha. Kithibitisho ni nasaba ya matini yenyewe: nani aliyesema, alipata wapi, na ni njia gani iliyoifikisha matini hiyo kwa msomaji.

Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ameketi mbele ya jopo la watahini. Tasnifu yake inahusu ushairi wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Katika sura ya nne anahakiki vina, na kuhusu ubeti mmoja anadai kwamba mshairi alivunja kina kwa makusudi ili kuashiria msukosuko wa kisiasa wa wakati wake. Mtahini wa nje anauliza swali moja fupi: ubeti huu umenukuliwa kutoka wapi? Mwanafunzi anataja anwani ya tovuti. Mtahini anafungua diwani iliyochapishwa, anausoma ubeti ule ule, na kina hakikuvunjika. Aliyekivunja si Muyaka. Ni mtu asiyejulikana aliyeugeuza ubeti kwa Kiswahili sanifu kabla ya kuuweka mtandaoni.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini hatari inayoelezwa humo ni ya kweli. Hoja ya sura nzima imeporomoka kwa sababu ya neno moja, na mwanafunzi hana pa kuegemea. Hakudanganya. Alisoma, akafikiri na hata akaibua hoja ya kuvutia. Kosa lake ni kwamba aliijenga hoja hiyo juu ya matini ambayo hakuijua asili yake.

Kuhusu suala hili, mijadala vyuoni huelekea kugawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wale wanaokubali lolote wanalolikuta mtandaoni, mradi limeandikwa vizuri. Kambi ya pili ni ya wale wanaopiga marufuku tovuti zote na kumtaka mwanafunzi ataje vitabu pekee. Kambi zote mbili zinakwepa kazi ile ile, yaani kazi ya kuhakiki. Anayekubali yote hahakiki. Anayekataa yote pia hahakiki. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kuhakiki tovuti si taaluma ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Ni mwendelezo wa uhakiki wa matini ambao wanazuoni wa tenzi na mashairi wameufanya kwa miaka mingi.

Mtandao, Maktaba na Mlinda Lango

Kitabu kinapofika katika rafu ya maktaba ya chuo, huwa kimepita mikononi mwa watu kadhaa. Mhariri amekisoma, mchapishaji amekigharimia, na mkutubi amekichagua. Kila mmoja wao ni mlinda lango. Ukurasa wa wavuti unaweza kupita malango hayo yote, na unaweza kutopita hata moja. Mtu yeyote mwenye simu na nusu saa ya faragha anaweza kuchapisha utenzi mzima, wasifu wa mwandishi au nadharia ya asili ya Waswahili, na ulimwengu mzima ukausoma siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kuwa karasi iliyochapwa huwa kweli na skrini huwa uongo. Mnamo Machi 2009, mtunzi wa muziki Maurice Jarre wa Ufaransa alipofariki, mwanafunzi mmoja wa University College Dublin nchini Ireland aliingiza maneno ya kubuni katika Wikipedia na kuyahusisha na marehemu. Alitaka kupima jinsi habari zinavyoenea. Wahariri wa Wikipedia waliyaondoa maneno hayo kwa kuwa hayakuwa na chanzo. Magazeti kadhaa, yakiwemo magazeti yenye hadhi ya Uingereza, yaliyachapisha katika tanzia zao. Kosa halikugunduliwa hadi mwanafunzi huyo mwenyewe alipowaandikia wahariri wa magazeti hayo wiki kadhaa baadaye.

Mfano mwingine ni ulinganisho uliochapishwa na jarida la kisayansi la Nature mwezi wa Desemba 2005. Wataalamu walipewa makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia na kutoka kamusi elezo ya Britannica bila kuambiwa ipi ni ipi. Kwa wastani walipata makosa takriban manne katika kila makala ya Wikipedia na takriban matatu katika kila makala ya Britannica. Wahariri wa Britannica waliupinga vikali ulinganisho huo mwaka uliofuata. Hata hivyo, funzo kwa mwanafunzi liko wazi: mahali habari ilipochapishwa hapatoshi kuithibitisha. Swali la msingi si kama habari imetoka mtandaoni au kitabuni, bali ni nani anayewajibika iwapo itabainika kuwa si kweli.

Mizani ya Kawaida na Upungufu Wake

Miongozo mingi ya utafiti humpa mwanafunzi orodha ya maswali ya kuiuliza tovuti. Je, jina la mwandishi limetajwa? Je, tarehe ipo? Je, anwani ni ya chuo, ya serikali au ya biashara? Je, lugha ni safi na ukurasa umepangwa vizuri? Maswali haya yana manufaa, ila yana upungufu mmoja mkubwa. Yote huulizwa ndani ya ukurasa unaoshukiwa. Ni sawa na kumuuliza mshukiwa kama yeye ni mwaminifu na kuliandika jibu lake kuwa ushahidi.

Chukua suala la anwani. Nchini Kenya, anwani zinazoishia kwa .ac.ke hutengewa taasisi za elimu ya juu, na zile za .go.ke hutengewa idara za serikali. Kwa hivyo mtafiti anapoziona hupata fununu ya mwenye tovuti. Lakini anwani inayoishia kwa .com au .org hununuliwa na yeyote mwenye fedha. Kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, tovuti iliyobeba jina la Martin Luther King na kuishia kwa .org iliendeshwa na Stormfront, kundi la wabaguzi wa rangi la Marekani. Ilijidhihirisha kama tovuti ya historia, ikawalenga wanafunzi, na lengo lake lilikuwa kumchafulia jina kiongozi huyo. Aliyeitazama anwani pekee alidanganyika.

Hata anwani ya chuo haimalizi swali. Chini ya anwani hiyo moja kunaweza kuwa na tasnifu iliyotahiniwa, muhtasari wa mhadhara, tangazo la michezo na insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Zote hukaa katika nyumba moja, lakini hazina uzito mmoja.

Upungufu wa orodha hizi ulidhihirika katika utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2017. Waliwachunguza watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamifu, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza. Wote walipewa tovuti wazikadirie. Wanahistoria wengi na wanafunzi walikaa ndani ya ukurasa, wakausoma kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na nembo na majina yenye kusikika kitaalamu. Wakaguzi wa habari walifanya kinyume. Waliutazama ukurasa kwa muda mfupi tu, kisha wakauacha na kufungua kurasa nyingine ili wajue wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti hiyo. Hao ndio waliofikia uamuzi sahihi kwa haraka na kwa uhakika zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba elimu ya juu peke yake haikuwakinga wanahistoria. Walijua kuhakiki nyaraka, lakini walipofika mtandaoni wengi wao waliisahau desturi yao wenyewe.

Nasaba ya Matini: Mfano wa Muyaka

Desturi hiyo ipo pia katika fasihi ya Kiswahili. Mhakiki wa tenzi hauchukui mswada na kuunukuu papo hapo. Huuliza nani aliunakili, lini, kwa hati gani, na kutoka mswada upi. Wanazuoni wa Kiislamu, ambao elimu yao iliathiri sana fasihi ya pwani, walikuwa na kanuni iliyo karibu na hii: hadithi ya Mtume haikupokelewa bila kutazamwa isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi kutoka mmoja hadi mwingine. Matini ilikuwa na nasaba, na nasaba ilichunguzwa kiungo baada ya kiungo.

Mashairi ya Muyaka ni mfano unaofaa. Mengi yaliishi vinywani mwa watu kabla ya kukusanywa. Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyahifadhi mengi na kushirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor katika kuyaandika na kuyafafanua. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Mwaka 1940, William Hichens aliyatoa mashairi hayo kama diwani iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha kitabu kingine kuhusu Muyaka, chenye mashairi, tafsiri na maelezo ya historia ya Mombasa.

Huu ni mlolongo wenye viungo vinavyojulikana. Kila kiungo kina jina, na kila jina linaweza kuulizwa swali. Sikujua alikumbuka kwa usahihi kiasi gani? Taylor alisikia nini? Hichens aliamua vipi alipokuta neno lenye utata? Utata huo si jambo la kupuuza, kwani katika hati za Kiarabu zilizotumiwa zamani kuandika Kiswahili, irabu i na e mara nyingi ziliwakilishwa kwa alama moja, vivyo hivyo u na o. Kila aliyeziingiza matini hizo katika hati za Kilatini alilazimika kuchagua. Msomaji wa diwani anaweza angalau kujua ni nani aliyechagua.

Sasa tovuti inaongeza kiungo cha mwisho katika mlolongo huu. Mtu fulani amechapa shairi upya na kuliweka mtandaoni. Hakusema amelitoa katika kitabu gani wala ukurasa gani. Yawezekana alikosea herufi. Yawezekana pia aliona maneno ya Kimvita, akayadhania kuwa makosa, akayasahihisha. Kwa mfano, Wamvita husema mato ambapo Kiswahili sanifu husema macho. Iwapo mizani za mwisho za mishororo zinakamilika kwa -to, kama vile mtoto, moto na mato, yule anayebadilisha mato kuwa macho huacha idadi ya mizani ikiwa sawa lakini huua kina. Msomaji wa haraka hatashuku chochote, kwa sababu maana haikubadilika. Hivi ndivyo mwanafunzi wa kisa cha utangulizi alivyopotea.

Je, tovuti hiyo haifai kabisa? La, inaweza kufaa kama kielekezi. Humjulisha mtafiti kwamba shairi lipo, humsaidia kulitafuta kwa neno analolikumbuka, na huenda ikamwongoza kwenye kitabu. Lakini anaponukuu, sharti arejee katika chapisho lenye nasaba. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtafiti azunguke mtandaoni kadiri apendavyo, mwisho wa safari yake ni matini asilia au chapisho lililo karibu nayo zaidi.

Kwa upande mwingine, kuna tovuti zinazoifupisha nasaba badala ya kuirefusha. Hifadhi inayotoa picha za mswada wenyewe humfikisha mtafiti karibu na chanzo kuliko kitabu kilichohaririwa. Vivyo hivyo, hifadhi za kidijitali za vyuo kama Nairobi na Kenyatta zina tasnifu zilizotahiniwa, na jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, husomeka bure mtandaoni. Kuyakataa haya kwa sababu tu yamo mtandaoni ni kujinyima elimu.

Wingi wa Kurasa Si Wingi wa Ushahidi

Mtafiti akiuliza idadi ya wazungumzaji wa Kiswahili, mtandao humpa majibu mengi. Baadhi ya kurasa hutaja idadi iliyo chini ya milioni 100. UNESCO hutaja zaidi ya milioni 200. Tofauti hii hutokana kwa sehemu kubwa na namna ya kuhesabu: kuna wanaohesabu wenye Kiswahili kama lugha ya kwanza pekee, na kuna wanaojumuisha kila anayekitumia kama lugha ya pili sokoni, shuleni au kazini. Mtafiti makini hachagui idadi kubwa kwa sababu inaipa lugha yake fahari. Hutafuta aliyehesabu, mwaka aliohesabu na maana aliyoipa neno mzungumzaji.

Aidha, kurasa 20 zinazotaja idadi moja zinaweza kuwa shahidi mmoja tu. Moja iliandika, 19 zikanakili. Dalili yake ni maneno yanayofanana, hata makosa ya tahajia yanayofanana. Mhakiki wa miswada anaifahamu dalili hii vyema: nakala mbili zikishiriki kosa moja la ajabu, huenda zina mzazi mmoja. Kanuni hiyo hufanya kazi kwenye kurasa za wavuti vile vile.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa lugha zenye matini chache mtandaoni. Mwezi wa Agosti 2020 ilibainika kuwa maelfu ya makala katika Wikipedia ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja Mmarekani asiyeijua lugha hiyo ya Uskoti. Aliandika Kiingereza na kukipaka tahajia iliyofanana na Kiskoti. Kazi yake ilidumu kwa miaka kadhaa kwa kuwa wenye lugha waliokuwa wakiikagua walikuwa wachache. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, imejengwa na wahariri wa kujitolea, na mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano lililowashirikisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania katika kuiongezea makala. Ubora wa makala yake hutofautiana sana, na njia pekee ya kuujua ni kutazama vyanzo vilivyotajwa chini ya kila makala. Yasiyo na chanzo yasomwe kama fununu.

Majarida Yanayojivika Joho

Kuna tovuti nyingine inayohitaji tahadhari zaidi kwa sababu huvaa joho la usomi. Hii ni tovuti ya jarida linalodai kuwa makala yake huhakikiwa na wataalamu, ilhali huchapisha lolote mradi mwandishi amelipa. Mwaka 2013, mwandishi John Bohannon alitunga makala ya sayansi yenye makosa ya wazi na kuituma kwa majarida 304 yanayosomeka bure mtandaoni. Jumla ya majarida 157 yaliikubali. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science.

Haimaanishi kuwa kila jarida linalosomeka bure ni la udanganyifu, wala kila linalotoza ada. Majarida mengi mazuri ya Afrika husomeka bure. Mtafiti atazame mambo yanayoweza kukaguliwa nje ya jarida lenyewe. Je, wanaotajwa kuwa wahariri ni watu wanaojulikana katika taaluma ya Kiswahili, na je, wao wenyewe huutaja uhariri huo katika kurasa za vyuo vyao? Je, matoleo ya awali yapo na yanasomeka? Jarida linaloahidi kuhakiki na kuchapisha makala kwa siku tatu limejieleza vya kutosha, kwani hakuna mhakiki wa dhati anayemaliza kazi hiyo kwa siku tatu. Mhadhiri anayechapisha humo hupoteza fedha, na mwanafunzi anayemnukuu hurithi hasara hiyo.

Tarehe na Kutoweka

Ukurasa unaweza kuwa wa kweli siku ulipoandikwa na kuwa wa kupotosha leo. Ukurasa usemao kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa ya Kenya ilhali Kiingereza ndicho lugha rasmi ulikuwa sahihi kabla ya Agosti 2010. Katiba iliyozinduliwa mwezi huo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vivyo hivyo, ukurasa unaoitaja TUKI ya Dar es Salaam kana kwamba ingalipo unafichua umri wake, kwani tangu mwaka 2009 kazi zake ziliingia katika TATAKI. Mtafiti wa sera ya lugha asiyechunguza tarehe anaweza kuijenga tasnifu yake juu ya sheria isiyokuwepo tena.

Zaidi ya hayo, kurasa hubadilishwa kimyakimya na nyingine hutoweka. Hii ndiyo sababu marejeleo ya mtandaoni hutakiwa kuwa na tarehe ambayo mtafiti aliusoma ukurasa. Ni vyema pia kuhifadhi nakala. Hifadhi ya Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996 huko Marekani, huhifadhi kurasa za zamani, na tangu mwaka 2001 umma umeweza kuzisoma kupitia huduma yake ya Wayback Machine. Mtafiti anayehifadhi ukurasa humo humwezesha mtahini kuuona kama yeye alivyouona.

Ushahidi na Data

Kuna tofauti ambayo wanafunzi wengi huisahau, nayo ni tofauti kati ya tovuti inayotajwa kama mamlaka na tovuti inayochunguzwa kama data. Ukurasa wa mashabiki wa muziki wa kizazi kipya hauwezi kuwa mamlaka kuhusu historia ya ngeli. Lakini kwa mtafiti wa Sheng, ukurasa huo huo ni hazina. Humo vijana wanaandika bila kusahihishwa, na hicho ndicho anachokitafuta. Vilevile, tovuti zilizotoa miongozo ya vitabu teule kama Chozi la Heri cha Assumpta Matei na Kigogo cha Pauline Kea hazifai kunukuliwa kama uhakiki iwapo mwandishi hajulikani. Hata hivyo, zinafaa sana kwa mtu anayechunguza jinsi fasihi inavyofunzwa kwa ajili ya mtihani. Kwa hivyo tovuti haina uaminifu wa jumla. Uaminifu wake hutegemea swali analoliuliza mtafiti.

Changamoto mpya zaidi imeletwa na programu za akili unde, hasa tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022. Programu hizi huweza kutunga marejeleo kamili, yenye jina la mwandishi, mwaka na kurasa, ya kazi ambayo haikuwahi kuandikwa. Mwezi wa Juni 2023, mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na programu hiyo. Kurasa zinazoandikwa kwa njia hii zimo mtandaoni, na Kiswahili hakikusalimika. Hapa maswali ya zamani kuhusu usafi wa lugha na mpangilio hayasaidii hata kidogo, kwani mashine huandika kwa unadhifu. Swali la nasaba ndilo hubakia na makali yake: kazi hii inayotajwa, je, ipo? Imo katika maktaba gani?

Hatua za Kufuata

Kutokana na yaliyojadiliwa, mtafiti anaweza kufuata hatua zifuatazo kabla ya kuitaja tovuti yoyote.

Kwanza, auache ukurasa na kutafuta kwingineko habari za mwandishi na mwenye tovuti. Pili, atafute chanzo cha habari yenyewe. Ikiwa ukurasa umetaja kitabu, akifungue kitabu hicho na kuitafuta sehemu iliyotajwa. Tatu, alinganishe na shahidi mwingine asiyetegemea chanzo kile kile. Nne, achunguze tarehe na kuuliza kama kuna jambo lililobadilika tangu hapo. Tano, ajiulize anaitumia tovuti hiyo kama mamlaka au kama data, na aseme hivyo waziwazi katika sura ya mbinu za utafiti. Sita, ahifadhi nakala na kuandika tarehe ya kusoma. Mwisho, pale anaposhindwa kufikia chanzo, akiri kuwa amenukuu kupitia mwingine. Kukiri huko si aibu. Aibu ni kujifanya umekisoma kitabu ambacho hukuwahi kukishika.

Hatua hizi huchukua muda, na wanafunzi wengi hulalamika kwamba vitabu vya kale havipatikani kwa urahisi. Malalamiko hayo ni ya haki. Diwani iliyochapishwa mwaka 1940 haimo katika kila maktaba ya Kenya, na nauli ya kuifuata Nairobi au Mombasa si haba. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkutubi anaweza kuagiza nakala kutoka chuo kingine, na msimamizi wa tasnifu mara nyingi anayo katika kabati lake. Swali moja kwa mtu huyo huweza kuokoa sura nzima.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tovuti haiaminiwi wala haikataliwi kwa sura yake. Hupimwa kwa nasaba ya kile inachokibeba. Aidha, yameonyesha kwamba mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tayari anayo mizani hiyo, kwani ndiyo iliyotumiwa kuhakiki miswada ya tenzi na diwani za malenga.

Wajibu wake hauishii katika kujikinga. Tasnifu anayoiandika leo huenda ikawekwa katika hifadhi ya chuo na kusomwa na mtu aliye Lubumbashi, Muscat au Leipzig. Ubeti alioukosea utanukuliwa tena, safari hii kwa jina lake na kwa muhuri wa chuo chake. Akitaja alikoupata, msomaji huyo ataweza kurudi nyuma na kuhakikisha. Asipotaja, atakuwa amegeuka kuwa yule mtu asiyejulikana aliyebadilisha mato kuwa macho.